Mbegu za Kakao Kwenye Jani la Mgomba

Mwaya, Jumanne jioni

Lusajo mwanangu,

Salamu nazikata, maana tumeamkiana asubuhi ukaniitikia, na siku hizi mwitikio wako ni kitu ninachokaa nacho kutwa nzima. Umekwenda Talatala kuagana na rafiki yako Gwamaka na bibi yake. Mama yako yuko uani anaanua nguo zako. Mimi nimekaa mlangoni na kalamu ambayo wewe huitumii tena. Naandika kwa sababu nikifungua mdomo mbele yako maneno yananigeuka, yanakuwa amri au yanakuwa mzaha, na vyote viwili vimeshatuharibia vya kutosha.

Habari za blanketi, dawa za malaria na mahali pa kuficha nauli, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho asubuhi hata ukiziba masikio. Mimi nina jambo moja tu. Kesho utashuka njia panda. Gari linalopanda litakufikisha Tukuyu kwa mjomba wako Ambokile, aliyekutafutia nafasi ya shule. Gari linaloteremka litakufikisha Kasumulu, kwa yule dereva wa lori aliyekuahidi kukuvusha Malawi na kukusogeza hadi Sauzi. Umetuambia unakwenda Kasumulu. Nakuomba uende Tukuyu. Nakuomba, sikuamuru. Najua hujazoea kulisikia neno hilo kutoka kwangu. Hata mimi sijalizoea.

Ili niwe na haki ya kuomba, lazima nianzie kwenye ile simu. Tumeikwepa mwaka mzima. Tunakula sahani moja, tunapalilia shamba moja, na simu ile imekaa katikati yetu na hakuna anayeigusa. Najua uliisikia. Mkuu wa shule alikuwa ameweka sauti ya nje, nimekuja kuambiwa na Gwamaka.

Lakini kabla ya simu kulikuwa na mkutano wa wazazi. Wewe hukuwepo, kwa hiyo hili nikusimulie mwenyewe. Unakumbuka kakao yetu ilivyochukuliwa kwenye vichanja, ikiwa imekauka, imebaki kupelekwa kupimwa tu. Bei ilikuwa imepanda kuliko tulivyowahi kuiona, na kila nyumba ilikuwa na mlinzi na kila mlinzi alikuwa na mashaka na jirani yake. Shule nayo ilikuwa imeibiwa matunda shambani mwake, na mkuu wa shule alitupa hoja: mwanafunzi atakayekamatwa kwenye kakao ya shule ashughulikiwe shuleni au akabidhiwe polisi? Mama mmoja mpishi wa shule akasema watoto wa Kyela wamemumunya kakao tangu miti hii ilipoletwa, basi wapewe majembe wakalime, yaishe. Nikasimama. Unajua nikisimama. Nikasema samaki mkunje angali mbichi, nikasema leo tunda, kesho gunia, keshokutwa ng'ombe wa mtu. Nikasema polisi. Wakanipigia makofi, Lusajo, na mimi nikaketi nimejaa kama mtungi. Mikono ikainuka. Ilipita kwa sababu yangu, na nilirudi nyumbani nikamsimulia mama yako kwa majivuno. Yeye alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

Usidhani namtupia mkuu wa shule mzigo wangu. Yule ni mtu wa kuletwa, kwao ni mbali na hajui kakao. Alikuwa ameambiwa na wakubwa wake kwamba mazao ya shule yakipungua yeye ndiye atakayejibu. Aliogopa. Mwenye hofu hutafuta mtu wa kumkabidhi shida yake, na sisi wazazi tulikuwa tumempa mahali pa kuipeleka.

Ijumaa ile nilikuwa kwenye foleni ya kupima kakao, na wanaume wote wa huku walikuwepo. Simu ikalia. Akasema, "Baba Lusajo, tumemkuta kijana wako na mwenzake Gwamaka chini ya mikakao ya shule. Wamepasua matunda manne, na mbegu wamezirundika kwenye jani la mgomba tayari kwa kubeba. Tumalizie hapa hapa, au twende kama mkutano ulivyoamua?"

Hapo ndipo pa kunichoma moto, mwanangu. Si pale mkutanoni. Mkutanoni nilikuwa mjinga tu.

Maana aliposema jani la mgomba, nilijua. Palepale, kabla hajamaliza. Nani alikufundisha kutema kwenye jani? Ulikuwa na miaka mitatu au minne, unakaa kati ya miguu yangu tukipasua matunda, unamumunya ule ute mweupe mpaka mashavu yanavimba, unatema mbegu majanini. Nikakupiga kijikofi cha mgongo nikakuambia: utamu ni wako, mbegu ni ya mwenye shamba, tema kwenye jani. Kila mtoto wa huku anafunzwa hivyo. Anayetema kwenye jani anamwachia mwenye mali mali yake. Mwizi hamumunyi, mwizi anabeba tunda zima gizani. Mkuu wa shule aliona mbegu zimepangwa vizuri akadhani ni mzigo. Mimi nilikuwa mtu pekee kwenye ile simu aliyejua maana yake, na ilikuwa kazi ya sentensi moja tu. "Mwalimu, hao wamemumunya, hawakuiba, wape majembe." Basi. Ungekuwa umelima matuta mawili ukarudi nyumbani unanuka jasho.

Sikuisema. Wanaume walikuwa wananitazama, maana nami simu yangu inapiga kelele kama redio, walikuwa wamesikia. Mmoja akacheka kidogo. Nikaona nikisema msameheni, nitakuwa yule mtu wa mkuki kwa nguruwe. Na kulikuwa na jingine baya zaidi. Kwa kitambo kile kifupi nilikudhania. Nilifikiri, labda ni yeye aliyebeba za kwangu vichanjani. Mtoto wangu, ambaye usiku ule wa wizi ulilia kuliko mimi. Nikasema yale uliyoyasikia: "Mpelekeni. Wamtishe kidogo. Na wamuulize na za kwangu zilipo."

Nimeyaandika sasa, yako hapa. Nilitaka uyaone kwa mwandiko wangu ili usije ukafikiri nimeyasahau au nimeyapunguza.

Nilidhani polisi ni kitu cha kutishia watoto, kama tulivyokuwa tunatishiwa mamba tulipokuwa wadogo tusisogelee mto. Nilidhani utakalishwa kwenye benchi, mtu mzima mwenye sare akukaripie, ulie, urudi. Nilimwambia mama yako utakuwa nyumbani kabla ya giza. Alikukaangia samaki, mbasa mkubwa, akakufunikia na wali. Akaketi jikoni. Mimi nikalala, Lusajo. Sitakudanganya, nilipata usingizi.

Bibi yake Gwamaka hakulala. Mwanamke yule hajui kusoma, wala hakuwahi kuhudhuria mkutano. Alipopata habari alijifunga kanga ya pili kiunoni akaja mjini jioni ileile, kituo cha polisi, akaketi sakafuni mbele ya meza yao akasema, "Nipeni mjukuu wangu. Kama hamnipi, nifungieni naye, nitamfunika." Wakamkaripia, akawaambia ndaga, tata, yaani asante, baba, na hakunyanyuka. Mkubwa wao alikuwa bado yupo, akachoka, akampa mtoto wake kwa dhamana. Na aliuliza, hili Gwamaka amenieleza, aliuliza, "Na huyu mwingine wazazi wake wako wapi?" Gwamaka anasema wewe ulitazama ukuta.

Mimi na mama yako tulifika Jumamosi asubuhi na lile bakuli la mbasa. Mkubwa alikuwa ameondoka hadi Jumatatu. Kijana wa zamu alikuwa mwingine. Nikamweleza kwa heshima zangu zote kwamba mimi ndiye mzazi, kwamba ilikuwa ni kutisha tu, tumekubaliana na mwalimu. Akanitazama kama anayeongea na mlevi. Akasema, "Mzee, mimi sijaachiwa habari ya kutisha. Nimeachiwa mtuhumiwa na kielelezo." Akanionyesha kielelezo. Kilikuwa lile jani la mgomba, limeanza kunyauka, na mbegu zako juu yake.

Kisha akaongeza, kwa wema kabisa, akidhani ananihudumia, "Ila kuhusu ile kakao yako ya nyumbani, tumembana lakini anakataa."

Unaona? Neno langu la kwanza, la kukutisha kidogo, lilipotea njiani. La pili lilifika salama.

Mama yako hakulia pale. Alinigeukia tulipofika nje, chini ya mlingoti, akauliza, "Na kama angekuwa ndiye?" Sikuelewa. Akasema, "Kakao yako. Kama angekuwa ndiye aliyeiba, ungemla?" Kisha akaketi barazani na bakuli mapajani, na hakuondoka pale mpaka Jumatatu, isipokuwa kujisaidia na kunawa uso. Nilikwenda na kurudi nikimletea chai. Hakuinywa.

Swali lile nimelibeba kuliko yote. Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia kosa langu ni kwamba hukuwa na hatia. Sasa naona huo nao ulikuwa ujanja wa kujipunguzia. Hata ungekuwa na hatia. Hata ungebeba gunia zima la baba yako ukaliuza ukanunua viatu. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na mule ndani kulikuwa na watu wazima waliokamatwa kwa mambo ambayo mimi naogopa kuyataja. Mtoto akikosea kuna mimi, kuna mama yake, kuna mwalimu, kuna mjomba, kuna jembe, kuna hata kanisa. Watu wote hao tulikaa pembeni tukampigia simu mtu asiyekujua jina.

Nami nilikosa, ujue. Darasa la sita mimi na rafiki yangu tulichukua baiskeli ya mwalimu tukaenda nayo ziwani kutazama meli, tukaipinda ringi. Nilichapwa, siwezi kukuambia viboko vile vilikuwa vitamu, alama ninayo. Kisha mwalimu akamwita baba yangu, wakazungumza wawili kivulini, na nikalima mpunga wa mwalimu mpaka vidole vikaota ukungu. Lakini hakuna aliyeniita mwizi. Mwalimu yule alikula wali kwenye harusi yangu akawasimulia wageni habari ya ringi, watu wakacheka, nami nikacheka. Kosa langu liliruhusiwa kuzeeka likawa kichekesho. Lako nililinyima nafasi hiyo.

Jumatatu mkuu wa shule alikuja mwenyewe akafuta malalamiko. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Aliniambia, "Mzee, nilidhani yatakuwa maneno tu." Nikamwambia hata mimi. Tulisimama pale wajinga wawili. Ukatoka. Ukapita kati yetu bila kutazama kushoto wala kulia, ukamfuata mama yako.

Sijui kilichokupata mule. Najua ulioga mpaka ndoo zote zikaisha. Najua kwamba tangu siku ile unalala barazani, mvua au jua, kwa kuwa chumba kilichofungwa kinakukaba. Sikukuuliza. Nilijidai ni kukuheshimu, kumbe niliogopa kujibiwa. Na badala ya kukuuliza nilifanya kitu ninachokiona kila nikifumba macho: wiki ile ile, mezani, nilikuita kwa mzaha, "Mfungwa wangu, njoo ule." Nilitaka tucheke. Ndivyo mimi nilivyozoea kutoka kwenye aibu. Uliweka sahani chini taratibu ukatoka nje. Mama yako alichukua sahani akampa mbwa, yangu mimi, si yako.

Shuleni nako wakakupa jina. Kielelezo. Watoto hawana dini. Ulivumilia muhula mmoja, kisha ukatundika sare kwenye msumari. Mama yako anaifua kila Jumamosi na kuitundika tena, nawe unajua.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano tena. Sijawaambia. Nilisimama, nikaomba lile azimio lifutwe, makosa madogo ya watoto yaishie shuleni na kwa wazazi. Nilieleza habari ya jani. Nilisema mambo ya kwangu mbele ya watu, hata yale ya kukudhania. Yule mpishi aliniunga mkono. Lakini bei ya kakao bado iko juu, na watu bado wanaibiwa. Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Si wewe uliyelileta? Leo limekuwa chungu?" Wakacheka. Wakainua mikono, likabaki. Kwa hiyo mwanangu, sina hata hilo la kukupa. Nilitaka nikufuate leo na habari njema mkononi, nikuambie nimeirekebisha. Nimeshindwa. Sheria niliyoileta itamla mtoto wa mtu mwingine, nami nitakutana na baba yake njiani.

Basi turudi njia panda.

Mwalimu mkuu wa huko Tukuyu ni mwanamke. Ambokile alipotupeleka mama yako na mimi kumwona, nilikuwa nimejiandaa kumweleza kesi yote, nimeipanga kichwani njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Anapenda somo gani?" Nilijua kimo chako, nilijua kiatu chako, nilijua ulichokosa. Hilo sikulijua. Mama yako ndiye aliyejibu, "Jiografia. Anachora ramani." Yule mwanamke akasema aje. Hakuuliza jingine.

Nenda kwa mtu anayeuliza swali hilo. Sikuombi urudi kwangu. Tukuyu kuna baridi, na Ambokile anakoroma na anahubiri kwa kupokezana, lakini ameshatoa mlango wa chumba chako, ameweka pazia. Nilimwambia huwezi kulala pamefungwa, hakuuliza kwa nini, akatafuta bisibisi.

Sauzi sipajui. Ninachokijua ni kwamba kutoka Kasumulu hadi huko kuna mipaka, na kila mpaka una watu wenye sare na chumba chenye kufuli, na wewe huna karatasi. Nikifikiria hilo natokwa jasho hapa nilipo. Nilikuingiza kwenye chumba kimoja, nawe kwa kunikimbia unakwenda kuvipitia vyote. Lusajo, nakuomba. Nitapiga magoti ukitaka, njiani, watu waone. Nichukie ukiwa Tukuyu. Nichukie ukiwa na daftari. Usipokee simu yangu, usinisalimie likizo, uje umwone mama yako tu na mimi nitakwenda shamba mpaka uondoke. Yote hayo nitayaweza. Lile la lori siliwezi.

Nisamehe. Sikuandika neno hilo mapema kwa sababu wazee tukiliweka mbele tunadhani tumeshalipa. Sijalipa. Nisamehe ukiweza, na usipoweza usijilazimishe, maana nimekwisha kukulazimisha mengi.

Naona watu wanarudi kutoka njia ya Talatala, nawe huenda uko miongoni mwao. Barua hii nampa mama yako akutie mkononi kesho mkiwa garini, kabla ya njia panda. Mimi nitabaki nyumbani, kwa kuwa nikiwa pale nitakushika mkono, na sina haki ya kukushika kwa nguvu tena.

Ukipanda gari la juu, Kyala, Mungu wetu, akutangulie. Ukipanda la chini, akutangulie vilevile, nami sitakulaani, sitamruhusu mtu akulaani. Ila huko mbele wakikukamata, kwa haki au kwa uonevu, kwa jambo ulilolifanya au usilolifanya, wakakuuliza kama una baba, usitazame ukuta. Sema unaye, taja jina langu na kijiji. Nitakuja usiku huohuo, nitaketi sakafuni mwao, na hawataninyanyua bila wewe.

Mimi baba yako